Blanketi Chini ya Mlango

Baba,

Stima imepotea tena. Ni saa nane mchana, niko ndani ya gari la jirani yetu, Mama Divine, hapa Euless, katikati ya uwanja wa kuegesha magari, na tumeacha madirisha mawili nusu wazi ingawa meno yananigongana. Watoto wake wawili wamekaa nyuma, wamejifunika koti moja. Mama yuko njiani kutoka kazini hospitali. Naandika nyuma ya karatasi za ripoti yangu ya Ujerumani, haraka haraka, kwa sababu kuna jambo lazima nikuambie wewe kabla hajafika.

Nianze na habari za kawaida kwanza, ndiyo nipate moyo.

Tulihama Stafford mwaka ule ule ulipotuacha. Mama alisema hawezi kupika katika nyumba ile, na kweli kwa miezi miwili tulikula vya kununua tu. Wewe tulikuacha Sugar Land, kwenye makaburi yale yenye nyasi zilizonyolewa vizuri, na ni mwendo wa zaidi ya saa nne kuja kukuona, kwa hivyo usikasirike tukikawia. Siku hizi tunakaa apatimenti ya chini, karibu na uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu yetu mpaka watu hunyamaza katikati ya sentensi, wakangoja, halafu wakaendelea. Ungetucheka.

Jiko lako la makaa tulikuja nalo. Mama hakuweza kulitupa na hakuweza kuliangalia, basi akalijaza udongo akapanda dhania, akaliweka nje mlangoni. Bado anajilaumu. Siku ile ulipotuacha, stima imepotea, alikuwa amekwama kazini siku ya pili, barabara zote barafu, akatuambia kwa simu, "Si muwashe jiko, mnangoja nini?" Alimaanisha nje, la kupikia chai. Lakini kila mwaka baridi ikianza, anakunja nguo huku akisema maneno yale yale: "Nesi mzima, nikawaambia wawashe jiko." Mimi hupokea nguo nikazipanga, bila kumwambia ninalolijua.

Ulikuwa ukiniita Injinia kwa sababu niliwahi kufungua rimoti ya televisheni nikairudisha ikafanya kazi. Basi jina limeshika. Chuoni nasomea mambo ya nishati, na juzi juzi walitupeleka Ujerumani kwa wiki mbili, tujifunze jinsi wenzetu wanavyopata stima kwa upepo na jua, na tukae na familia za huko tujue mila zao. Mama hakutaka. "Huko ni baridi zaidi, Nyambura," alisema, kama vile baridi ndiyo iliyokuua.

Baba, tulipelekwa kijiji kinachowasha taa kwa mavi ya ng'ombe. Sitanii. Wanayatia kwenye tangi kubwa, gesi inatoka, mtambo unazunguka, watu wanatazama mpira. Nilikumbuka zizi la babu, Guka, kule Kinangop, na utajiri wote uliokuwa ukiukanyaga kwa gambuti ukienda kukamua. Nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akaniuliza kama niko sawa. Siku iliyofuata tulisimama chini ya mtambo wa upepo, mabawa yake yakipita juu yetu, vuu, kimya, vuu. Mwalimu akatueleza jinsi wanavyohakikisha stima haikatiki hata theluji ikianguka. Wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilishikwa na hasira. Kumbe inawezekana.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mzee anayeitwa Bi Renate. Kila asubuhi, maji yameganda nje, alifungua madirisha yote ya nyumba, hata la chumba changu nikiwa bado kitandani, akayaacha wazi dakika kumi. Huko ndiyo desturi, hewa kwanza, kahawa baadaye. Siku ya kwanza nilidhani ana wazimu. Siku ya pili nilinyanyuka nikalifunga langu, na nikiwa nimeshika kitasa nikauona mkono wangu mwenyewe, ule wa Stafford, ukisukuma blanketi. Nililia mpaka Bi Renate akaja na kikombe. Alifikiri nimekumbuka nyumbani, nami nikakipokea nikanywa.

Halafu wana mtu wao wa kukagua dohani. Anavaa nyeusi kutoka juu mpaka chini, na watu humgusa bega wapate bahati. Alikuja kupima moto wa Bi Renate, maana sheria inamtaka apite nyumba hadi nyumba. Akabonyeza kidude cheupe ukutani, kikapiga yowe, na mimi nikajikuta barabarani na soksi. Alinieleza kwamba kinanusa ile hewa ya makaa yenye sumu, ambayo pua ya mtu hainusi. Nikamuuliza kinauzwa wapi. Nikamgusa bega mara mbili, moja yangu na moja ya Mama.

Kidude nilikinunua nikarudi nacho Jumamosi, kimefungwa ndani ya sweta. Sikukitoa kwenye begi. Kumpa Mama kitu kile ni kuanzisha mazungumzo, na mazungumzo yale yanaishia kwangu.

Tangu Jumatatu simu za watu wote zinalia tahadhari ya baridi. Dukani mkate uliisha, kisha maji, na watu walisukuma toroli bila kusemezana. Jana jioni anga ilikuwa ya kijivu na tulivu mno, na ndege zikaanza kupungua. Leo asubuhi haikupita hata moja. Nilijikuta nikitazama dari nikingoja kelele ambayo nimeilalamikia miaka yote. Saa tano stima ikapotea. Saa sita na nusu nikafungua mlango nione barafu imefika wapi, nikaona udongo umemwagwa kando ya ukuta, dhania mizizi juu. Jiko halipo.

Mama Divine ni Mkongomani wa Goma, mkarimu kupita kiasi. Mama alishamwambia achukue chochote anachohitaji mlangoni petu, nasi tunachukua kwake. Nilikwenda mpaka kwake. Chini ya mlango wake kulikuwa na kipande cha blanketi jekundu, kimesukumwa kutoka ndani mpaka kimechungulia nje.

Baba, sijui nilisimama pale muda gani. Halafu nikarudi mbio kuchukua kidude, nikagonga kwa ngumi.

"Ingia mbio, mutoto, baridi isiingie," akasema Mama Divine, na nyuma yangu akalisukuma blanketi mahali pake kwa mguu. Jiko lilikuwa katikati ya sebule, watoto wamelizunguka. Aliniona ninavyolitazama. "Usiogope. Niliingojea inje mpaka makala yote ikakuwa mwekundu. Moshi ilishaisha."

Maneno yako, ingawa makaa yeye anaita makala. Karibu neno kwa neno. Ulisimama kwenye veranda ya Stafford ukipepea kwa kifuniko cha boksi, ukaniambia, "Moshi ukiisha hakuna shida. Hivi ndivyo tulivyolala Kinangop utoto wote." Hukuwa unadanganya. Nyumba ya Guka ilikuwa ya mbao na upepo ulipita ukutani utakavyo. Nyumba za huku zimefungwa kama kopo, na mimi nikaifunga zaidi.

Niliweka kidude mezani. Tukakitazama wote. Kikanyamaza. Mama Divine akacheka kwa upole: "Unaona? Hata mashini yako inasema kuko sawa." Nikaanza kumweleza habari za hewa na damu, maneno ya darasani, naye akanimiminia chai. Kwake nilikuwa mtoto wa chuo aliyesoma mpaka akajitia hofu. Divine, yule wa miaka saba, akalaza kichwa mezani, akalalamika kinamuuma. "Mommy, my head hurts."

Hapo nikasema. "Mama Divine, Baba alipokufa, mimi ndiye niliyeziba mlango."

Nikamwambia jinsi nilivyokunja lile blanketi la maua la Mama nikalisukuma chini ya mlango, nikabandika selotepu kwenye dirisha, nikajisifu upepo ulipoacha kuingia. Jinsi kichwa kilivyoanza kuniuma nikadhani ni njaa. Jinsi nilivyotoka kwenda kuchaji simu kwenye gari kule barabarani niongee na Mama, na nikiwa mlangoni nikakuagiza, "Baba, rudisha blanketi nikishatoka." Ukanijibu, "Sawa, Injinia." Niliongea na Mama, tukacheka, halafu nikakaa karibu saa nzima kwa sababu kiti kilikuwa na joto. Niliporudi mlango ulikuwa mzito. Ulikuwa umelirudisha vizuri kabisa, mpaka kwenye pembe, kama nilivyokuagiza. Nililitoa kabla watu hawajafika. Nikalikunja, nikaliweka kabatini.

Mama Divine aliweka birika chini. Alimbeba Divine mgongoni, akamshika mdogo wake mkono, akatoka bila viatu. Tulikuwa tumeshafika kwenye magari ndipo kidude, kikishanusa vya kutosha, kilipoanza kulia kule ndani. Kililia na kulia, mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyerudi kukizima mpaka kikanyamaza chenyewe.

Watu wa ambulansi wamekuja, wamewapima watoto, wamesema wako sawa. Jiko wamelitoa, sasa liko nje kwenye barafu, na Mama Divine amesimama mbali nalo amelipa mgongo. Niliposimulia habari ya jiko kwenye simu, Mama aliuliza kwanza kama watoto wanapumua vizuri. Kisha akasema, "Ni jiko langu. Mimi ndiye niliyemwambia achukue chochote. Nesi mzima." Basi, Baba, ameokota kosa la pili akalijumlisha na la kwanza, na yote mawili anabeba peke yake kwa sababu yangu.

Naogopa. Wewe nilikupoteza kwa sentensi moja, na miaka hii yote nimehofia kwamba sentensi nyingine itanipotezea Mama. Bado nahofia hivyo hata sasa. Lakini nakuahidi nitamwambia leo, kabla hajavua koti, na sitaacha kitu, hata ile saa moja ya kukaa kwenye joto, hata kabati. Kidude nitakipigilia juu ya kitanda chake mwenyewe. Na kila asubuhi nitafungua madirisha, anune asinune.

Pumzika, Baba. Wanasema theluji itafika huko Sugar Land jioni. Sikuja kukufunika, nisamehe na hilo.

Kuna kitu kimoja sijakuambia. Mama hakuwahi kujua, kwa hivyo blanketi lile hakulitupa. Analipenda kwa sababu anasema lina harufu yako.

Gari lake limeingia. Anashuka. Baba, amejifunga blanketi lile mabegani.

Nyambura wako,
Injinia