Mabomba ya Juu ya Kiti cha Dereva

Jumamosi, Ukunda. Joto la kunata tangu alfajiri. Shati liligandana na mgongo hata kabla ya chai.

Leo tumepaka rangi keji ya gari la dada yangu, Mwanamisi. Keji ni mabomba ya chuma yanayochomelewa ndani ya gari la mashindano, ili likipinduka paa lisiwaponde waliomo. Lake lilipinduka mwaka jana, mwenyewe akiwa kwenye usukani. Paa lilibonyea, mabomba yakapinda, yeye akatoka na mkono uliovunjika.

Tangu siku hiyo hakuwa amekaa tena ndani ya gari lile.

Fundi ameshachomelea keji mpya, lakini huku kwetu chuma kitupu hakingoji. Hewa ya chumvi hukiotesha kutu upesi. Basi tukaifanya kazi nyumbani, uani kwa mama, chini ya turubai. Mimi nilitaka rangi nyekundu.

"Nyeupe," Mwanamisi akasema. "Ufa ukitokea, niuone mapema."

Tulipiga msasa, tukafuta vumbi, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, na ilipokauka tukaanza nyeupe. Brashi haikufika kati ya bomba na paa. Mwanamisi akavaa glavu ya plastiki, akavuta soksi kuukuu juu yake, akaichovya kwenye rangi na kulisugua bomba mzunguko mzima, kama anayempaka mtoto mafuta. Nilibaki kumtazama tu.

Lakini alifanya yote hayo akiwa amesimama nje, akiingiza mikono tu. Yakabaki mabomba ya juu ya kiti cha dereva. Nikanyoosha mkono nipokee soksi.

"Acha. Hayo ni yangu."

Viti vilikuwa vimetolewa. Akaingia, akakaa kwenye bati tupu, pale pale. Akainua soksi, akaishusha bila kuligusa bomba, rangi ikamdondokea kwenye leso aliyojifunga. Akatoka. Akanawa uso mferejini, akaegemea ukuta.

Nikadhani ndiyo basi.

Akarudi ndani.

Mama alikuwa mlangoni anatazama. Gari hilo yeye huliita jeneza. Akaja, akakusanya leso zake, akaingia kwa mlango wa kushoto na kushika kopo la rangi.

"Mama, utachafuka," Mwanamisi akamwambia.

"Nguo hufuliwa. Bomba hili la juu ya kichwa lafanya kazi gani?"

"Mwenzake wa zamani ndiye aliyelizuia paa lisinifikie."

Mama akalishika lile bomba, bado halijapakwa, akalitikisa kwa nguvu zake zote. Halikusogea.

"Basi lipake vizuri, mwanangu. Pande zote."

Nimewahi kumwona Mwanamisi akikata kona kwenye vumbi la Kinango, watu wakimshangilia mpaka sauti zikawakauka. Sikuwahi kumstahi kama leo, amekunja magoti kwenye bati, akipaka bomba moja polepole, na mama amemshikia kopo.

Walipomaliza hawakutoka. Wakabaki wamekaa humo, wakiyatazama mabomba.

"Rangi ikikauka, utanipeleka Msambweni," mama akasema. "Taratibu lakini."

"Mama, gari hili taratibu halijui."

"Litajifunza."

Mwanamisi akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu ajali.

Kesho tunafunga viti. Cha kushoto kina mwenyewe tayari.