Abiria Hapimwi

Jumatatu, 4 Mei 1998
Vifurushi tangu asubuhi. Barua, kaseti, viatu vya watoto, dawa za presha. Nimepima, nimebandika, nimefunga. Papa Ilunga, bosi wangu, amenunua ndege ya pili. Juzijuzi tu alikuwa na kile kindege kimoja cha kukodi, anabeba barua zetu za Lubumbashi na kaseti za wasiojua kuandika. Sasa ameng'oa rafu za magunia, ameweka viti. Anavaa tai. Wakongomani wote wa mtaa huu wa Glenwood wanamwita Président. Mimi simwiti.

Jumatano, 6 Mei
Rubani kaja ofisini amenuna. Kijana wa Kihindi wa hapahapa Durban, si mtu wa maneno mengi. Anasema ndege ikitoka Lubumbashi inapanda kwa shida, inamaliza karibu njia yote ya kurukia, na karatasi za mizigo zinaonyesha uzito uko sawa. Papa akacheka, eti hewa ya kule ni nyepesi. Labda. Lakini alicheka haraka mno. Kuna kitu kinapakiwa humo kwa siri. Mawe ya shaba, nadhani.

Ijumaa, 8 Mei
Kaseti ya mama. Sauti yake, na kuku nyuma. Anakuja! Alhamisi ya tarehe 21, kwa ndege yetu. "Niko muzuri, mwana wangu, usijisumbue." Miaka yote hii nilimtaka hapa, leo natamani abaki kule. Nimeisikiliza mara tatu. Naogopa.

Jumatatu, 11 Mei
Nimemwuliza Papa waziwazi iko nini ndani ya ndege. Badala ya kujibu akaniuliza ni nani aliyenipa kazi. Mwenye hatia ndiye hukasirika kwanza.

Alhamisi, 14 Mei
Nimekwenda uwanja wa ndege kujionea. Nimesimama nyuma ya nguzo kama polisi. Abiria wakashuka, wanawake wote wanene, mwendo wa bata. Nikamfuata mmoja kwenye choo chetu cha wanawake. Akaanza kuvua. Kitenge, chini yake kitenge, chini yake koti la mume, tena kitenge. Mifukoni samaki wakavu. Aliponiona wala hakushtuka. Mzigo unapimwa, akasema, mwili haupimwi, sasa nifanyeje?

Eish. Nami natafuta mawe. Wote wanafanya hivyo, kila safari, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nimecheka ndani ya taxi mpaka dereva akanigeukia. Halafu nikakumbuka mama atapanda hiyohiyo.

Ijumaa, 15 Mei
Nimemwambia rubani. Kasema harushi ndege tena mpaka kila abiria apimwe na nguo za ziada zivuliwe. Papa akapiga meza. "Mama wa mtu hapimwi kama gunia la mahindi." Hapo amesema kweli. Kwetu ni aibu, mtu mzima kupandishwa kwenye mizani mbele ya watoto wake. Nimekaza hata hivyo. Mwishowe akakubali: liwekwe pazia, na mpimaji awe mwanamke.

Jumatano, 20 Mei
Lubumbashi wamepiga simu. Abiria wa kesho wamepimwa. Wametukana sana, lakini wamepimwa. Nikauliza mama yangu je. Kilo arobaini na moja.

Uongo! Mama yangu akikaa kwenye benchi la kanisa wengine wanasogea. Wamewapunguza watu kilo kwenye karatasi ili wajaze magunia ya barua. Nimemfokea Papa mbele ya wateja, nimemwita mwizi. Akaniambia niende nyumbani nipumzike. Upole wa ghafla namna hiyo mimi siuamini kabisa.

Alhamisi, 21 Mei
Ndege imefika salama. Rubani anasema ilipanda vizuri kuliko siku zote. Nilisimama pale nikitazama wanawake wanene, mmojammoja. Mtu akanishika mkono. Nikamwambia, samahani mama, namsubiri mtu.

Ijumaa, 22 Mei
Nimemwogesha mama. Mgongo wote mifupa. Nikamwuliza mbona kwenye kaseti hakusema. Kasema sauti haikondi.

Baadaye, wakati namfunga kitenge, akaniambia alikuwa amejipanga. Alivaa vitenge sita na sweta mbili nimwone mnene, nisilie mbele za watu. "Lakini walituvulisha, mwana. Iko sheria mupya." Akauliza nani anaweza kutunga sheria ya namna hiyo, mtu asiye na mama? Nikasema sijui.

Amekunywa chai. Anausifu mkate wa hapa.