Binti Yangu Ananiita Mwalimu Hata Nyumbani

Dada Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa kabisa, na tafadhali usinicheke, maana mume wangu ameshacheka kwa niaba ya watu wote.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, nafundisha darasa la wadogo, wale wa miaka mitatu, ambao nusu ya kazi yenyewe ni kupangusa makamasi na kuamua ugomvi wa nani kashika gari jekundu, na kazi hiyo naipenda, sitaki kudanganya. Mwaka huu binti yangu amefikisha umri, akaingia darasani kwangu kwa kuwa darasa la wadogo ni hilohilo moja, nami nikafurahi kwamba sasa nitakuwa na mwanangu kutwa nzima. Siku ya kwanza akaniita "Mama!" mbele ya wenzake, na wewe labda hujawahi kukaa na watoto wa umri huo, lakini neno hilo akilitaja mmoja wote wanawakumbuka mama zao, basi akaanza mmoja kulia kwenye mkeka, akapokea wa pili, mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja mbio kuuliza kuna nini. Mkuu wa shule akaniambia kwa upole kwamba hapa mtoto wa mwalimu akiwa darasani hana mama, ana mwalimu. Asubuhi iliyofuata nikachuchumaa getini nikamwambia, "Ukishaingia humu, mimi siyo mama. Mimi ni mwalimu. Sawa?" Akasema sawa, na kweli akashika, mpaka nikajisifu kwa jirani.

Dada, ameshika mpaka amepitiliza. Nyumbani ananiita mwalimu. Akiwa na kiu ananyoosha mkono, "Mwalimu, naomba maji." Mwanzoni tulicheka, baba yake naye akawa ananyoosha mkono mezani, "Mwalimu, naomba chumvi," lakini sasa hacheki tena, anasema niache kazi, mkuu anasema nimhamishie mtoto shule nyingine, na mimi nikimwambia mtoto aniite mama ananitazama kama namtega, halafu ananijibu, "Mama bado hajaja."

Juzi alipata homa nikampeleka hospitali, muuguzi akamuuliza, "Mama yako yuko wapi, mrembo?" Akajibu bila wasiwasi, "Hayupo. Nimekuja na mwalimu." Muuguzi akanikazia macho, na mimi, badala ya kusema mimi ndiye mama yake, nikajikuta najibu, "Ndiyo, mimi ni mwalimu wake." Sijui kwa nini nilisema hivyo, mpaka leo najiuliza, na tulipofika nyumbani nilijifungia chooni nikalia.

Darasani akianguka naogopa kumbeba wasije wakasema nampendelea, nisipombeba roho inaniuma, na jioni zamu ya kufunga ni yangu kwa hiyo tunabaki mpaka mzazi wa mwisho aje, yeye amekaa dirishani na begi lake mgongoni. Niache kazi? Nimhamishe? Au ndiyo nimeshampoteza mwanangu huku nimemshika mkono?

Wako, sijui hata nijiite nani.

*

Mwenzangu usiyejua ujiite nani,

Futa machozi kisha ukae vizuri, maana nina maneno na wewe. Mtoto hajapotea na wala hajakukataa. Wewe ndiye uliyemfundisha nusu nusu. Wakati wa kuingia ulichuchumaa getini ukamwambia wewe siyo mama. Wakati wa kutoka ulichuchumaa lini ukamwambia mama amerudi? Mtoto wa miaka mitatu atajuaje kwamba sheria ya shule inaishia getini? Ulimwambia mama hayupo, naye akakuamini.

Na huko nyumbani, hebu niambie ukweli, unazungumza kwa sauti ipi? Nawajua walimu wa chekechea. Dada yangu wa tumbo moja ni mmoja wao, huwaambia wageni wazima na ndevu zao, "Sasa sote tunanawa mikono!" Sitashangaa nawe ukiwa umeshampongeza mumeo kwa kumaliza chakula, na aproni ya shule bado umeivaa jikoni. Hapo mtoto amekosea nini?

Lakini kilichonichoma ni hilo dirisha, ulilolitaja mwishoni kana kwamba si kitu. Kila jioni mwanao anamwona mama wa huyu anakuja, mama wa yule anakuja, wenzake wanaruka, wanabebwa, wanaondoka. Naye ameshavaa begi lake, anasubiri wake. Wake haji. Taa zinazimwa, anaondoka na mwalimu. "Mama bado hajaja" siyo utundu, dada yangu. Anakueleza anachokiona.

Kazi usiache. Mwakani akipanda darasa atapata mwalimu mwingine, na hiyo itawafaa nyote wawili, kwa hiyo habari ya kumhamisha iweke pembeni kwanza. Mkuu wako mwambie umekubali kuitwa mwalimu, lakini mtoto akianguka utambeba kama unavyowabeba wengine wote. Eti watasema unampendelea! Nani, hao wanaogombania gari jekundu? Acha hizo.

Kesho badilishana zamu na yule mwenzako wa darasa la pili. Wazazi wakianza kuja, mwachie watoto wote, na wako akiwemo. Vua aproni, toka nje ya geti, simama kidogo uvute pumzi. Kisha piga hodi, uingie kama mama wengine wanavyoingia, usimame mlangoni, na useme kwa sauti ambayo darasa zima litaisikia, "Nimekuja kumchukua mwanangu."

Usimwambie akuite nani. Fungua mikono, umsubiri.