Nilisali Rozari Ili Adui Yangu Aanguke

Mpendwa Mshauri, Tumsifu Yesu Kristo. Nisaidie, maana kwa Padre naona haya. Mimi ni mjane wa Zinga, nalima mpunga bondeni, na shamba langu limepakana na la Pantaleo, mgema, ambaye tunasali naye kanisa moja na ambaye mwaka jana nazi za tajiri wake zilipoibwa katika zamu yake ya kulinda alisimama mbele ya jumbe akaapa kwamba mwizi ni Yosefu, mwanangu wa pekee, basi mtoto akafungwa, akatoka jela kakonda na hana raha, hata kuimba kanisani ameacha, na nazi zenyewe baadaye zikaonekana kwa mtu mwingine kabisa, lakini Pantaleo hakufungua kinywa. Iliniuma, Mshauri, inaniuma mpaka leo.

Shoga yangu Mwanahija aliniambia kwao Waislamu wapo wanaodhulumiwa wakasomesha halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwovu, na mwovu akaumbuka. Nikasema mimi Mkristo siwezi, lakini lile neno likanikaa, nikawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria nikawa nasali rozari kila jioni kwamba Pantaleo alipwe, na masika hayakwisha akaanguka kutoka juu ya mnazi akavunjika nyonga, sasa amelala ndani hawezi hata kugeuka. Nilipopata habari nilicheka, kisha nikaogopa.

Sasa mpunga unatia maziwa na ndege wamejaa. Desturi yetu ni kuunganisha kamba za makopo shamba hadi shamba, aliye juu ya dungu, kile kichanja cha kuwingia ndege, akivuta, makopo yanalia kote na ndege wanaruka. Kamba ya upande wa Pantaleo niliifungua tangu Yosefu alipofungwa. Juzi mkewe Gertruda, anayemuuguza mume na kunyonyesha, alikuja akasema, "Dada, tuvutie na sisi, watoto watakula nini?" Nikamjibu kamba yangu fupi. Si fupi. Je, nikiiunga si nitakuwa naingilia kazi ya Mungu, maana yeye ndiye aliyemwangusha? Na nikinyamaza tu, bila kumdhuru, hiyo nayo ni dhambi?

Mjane wa Zinga

Milele na milele, amina. Majina nimeyabadili, dada yangu, maana Zinga si mji mkubwa.

Kwanza pole. Kusingiziwa mtoto wizi si jambo dogo, na asikudanganye mtu kwamba Mkristo haumii. Lakini hiyo rozari, ala! Halbadiri umeikataa mlangoni ukaiingiza dirishani, halafu unamwita Mama wa Mungu aje akupigie mtu? Mwanawe alitundikwa msalabani akawaombea waliomtundika. Wewe umempelekea ombi gani hilo?

Tena acha kujikweza. Wagema huanguka kila masika, minazi ikiteleza, na wengi wao hakuna aliyewasalia lolote. Pantaleo alimsingizia mwanao, na wewe sasa unamsingizia Mungu. Koma.

La kamba, hilo ni lako mwenyewe. Unakaa juu ya dungu unatazama ndege wakila chakula cha watoto wadogo, kisha unaniuliza kama kunyamaza ni dhambi? Huko ni kulipiza kisasi, hata ukiwa umekunja mikono. Maandiko yanasema adui yako akiwa na njaa, mlishe. Hayakusema mngoje ashikwe na njaa.

Wala kusamehe si kusema kwamba alifanya vema. Pantaleo anapaswa kwenda kwa jumbe akalisafishe jina la Yosefu, akipona, au hata akibebwa kitandani. Mweleze Padre amwambie hivyo, na ukiwa huko huko uiungame hiyo rozari. Utaona haya gani tena, na mimi umeshaniambia? Ila usimwendee Gertruda ukasema, "Mumeo akikiri, nitavuta." Hiyo ni biashara, na watoto hawakumsingizia mtu.

Kwa hiyo kesho alfajiri, kabla ndege hawajaamka, iunge kamba. Usingoje moyo ulainike kwanza, mpunga hautakungoja. Moyo ukikataa, mwambie Mungu kwamba umekataa, na mkono uendelee kuvuta.