Simu ya Zuwena

Jumanne

Bado kimya kile kiko masikioni. Jana zahanati ya Darsait ilihamia laini mpya ya simu, na leo kila aliyepiga aliishia kwenye kimya. Nesi Salma alinisimamia kichwani. "Shoga, Zuwena ana mimba ya miezi minane na presha inampanda. Nilimwambia apige akiumwa kichwa."

Niliogopa. Kazi ya kuziunganisha simu hizo ni yangu.

Baada ya adhuhuri nikaona kosa. Seva ya SIP, ile kompyuta inayopitisha simu kwenye intaneti, ilikuwa inaleta simu na namba nzima, pamoja na msimbo wa nchi. Mtambo mdogo wa simu wa zahanati unaijua namba fupi tu, basi ukazikataa zote. Nikaiwekea seva amri ya kuukata msimbo. Simu ikalia palepale, nikaipokea.

"Nnapiga tangu asubuhi, dada," alisema Zuwena taratibu, kama yuko usingizini. "Kichwa kinanigonga."

Salma akamtumia gari la wagonjwa.

Nimerudi nyumbani Ansab polepole, nikiwaza sauti zote zinazoelea hewani zikitafuta pa kuingilia.

Baada ya Magharibi Salma kaniletea ujumbe wa sauti. Ni mtoto mchanga analia tu.

Nimelala chali, simu sikioni, namsikiliza tena.