Vipimo vya Swabra

Mpendwa mshauri Bi Salima, naomba msaada kabla sijabaki na cherehani na mama yangu tu. Mimi ni fundi nguo hapa Magarama, Gitega, na tangu Swabra, niliyetaka kumuoa, aolewe Muyinga na muuza mchele, miezi minane sasa, silali, sili, kuvaa viatu tu naona kazi, dukani nafungua ubao mmoja wa mlango ili watu wadhani sipo, na swala ya Ijumaa nimeiacha kwa sababu wakinipa pole nitalia. Aibu yangu kubwa ni kwamba vipimo vya Swabra viko kichwani na nikishika mkasi nakata vyake, si vya mteja. Mwezi huu nimeharibu nguo tatu. Mama Kasilda alijaribu nguo yake ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake, ikamkwama mabegani, akaniangalia bila hasira, akasema, "Hii robe iko ya mtu mwengine, fundi. Mi nimezaa watoto saba."

Juzi Fatuma, dada yake Swabra, kaniletea kitenge kutoka Muyinga, Swabra anataka nimshonee nguo ya Idi, eti kule hakuna fundi anayemjua mwili, na kaniletea pia karatasi ya vipimo vipya ambayo sijaifungua, nimeiweka chini ya mto. Fatuma akajigusa tumbo, akasema, "Anaomba umuachie nafasi hapa mbele." Sikuuliza kwa nini. Mshauri, si ndiyo kusema bado ananitaka? Nimshonee kwa vipimo ninavyovijua, nipande basi nimpelekee mwenyewe?

Fundi, Magarama

Fundi wangu, pole. Nimesema pole, sasa lia kidogo, halafu tuzungumze.

Mwanamke anayekutaka hakutumii kitambaa kwa mkono wa dada yake. Ulitaka mke, umepata mteja. Na wewe unayeishi kwa kushona hujui mwanamke akiomba nafasi mbele anamwekea nani? Unajua, ndiyo maana hukuuliza. Ukimpelekea nguo ya vipimo vya zamani atakwama ndani yake siku ya Idi mbele ya wakwe, na utakuwa umemchekesha muuza mchele bure.

Sikucheki sana. Mimi nilipoachwa nilipika wali wa watu wawili mwaka mzima, na sahani zote mbili nikala mwenyewe. Lakini kutolala na kutokula miezi minane si mapenzi tena, ni ugonjwa, na una dawa. Jumatatu nenda kituo cha afya, mwambie muuguzi yote, usimdanganye kwamba unaumwa kichwa tu. Na siku ukitamani usingeamka, usingoje Jumatatu, mwamshe mama yako saa hiyohiyo.

Ijumaa rudi msikitini. Watakupa pole, utalia, mkeka utakauka. Fungua mbao zote za mlango. Karatasi itoe chini ya mto, mshonee Swabra kama ilivyoandikwa, mkabidhi Fatuma, Muyinga usiende.

Kuanzia sasa usikate kitambaa kabla hujamzungushia mwenye nguo futi na kuandika namba. Anza na Mama Kasilda, umwombe radhi ukiwa unampima. Akiondoka, jizungushie futi wewe mwenyewe. Miezi minane hujala, fundi, na hiyo suruali unaishikilia kwa mkono.