Vijiwe Penye Pengo la Ua

Jumanne, 3 Aprili 1956
Nimepalilia maharagwe kabla ya kengele ya shule. Karibu na ua wa nyuma nimeokota vijiwe vitatu. Vyeusi, laini, kimoja kina mstari mweupe. Udongo wetu wa Ruiru ni mwekundu, na mawe yake yanakwaruza mikono. Hivi si vya hapa. Nimeviweka dirishani. Madaftari ya darasa la tatu bado sijasahihisha.

Jumatano, 4 Aprili
Mvua usiku kucha. Asubuhi nimekuta vingine vinne, palepale penye pengo la ua, njia ya Karanja ya kutoka stesheni. Jana havikuwapo. Nina hakika.
Karanja, mume wangu, yuko kizuizini mwaka wa pili huu. Barua yake ya mwisho ilikuja Agosti. Moyo umeanza upumbavu wake.

Alhamisi, 5 Aprili
Mvua tena. Viwili tena. Nimejiambia ni yeye, ametoroka, ananiita. Nimejiambia pia niache ujinga. Sikuacha. Jioni nimeweka viazi vitamu viwili penye pengo, juu ya jani la mgomba. Homugadi, walinzi wa kijiji wa serikali ya wakoloni, wakiviona nimekwisha. Kulisha mtu wa msituni si mchezo siku hizi. Naogopa sana. Lakini namtaka kuliko ninavyoogopa.

Ijumaa, 6 Aprili
Viazi havipo! Nimelia kwa furaha nyuma ya choo, mtu mzima, mwalimu.
Mchana homugadi mmoja amesimama penye pengo, akauliza kwa nini silizibi. Nimesema nitaliziba. Sitaliziba.

Jumamosi, 7 Aprili
Nimeshindwa kukaa na siri. Nimempelekea vijiwe jirani yangu Wekesa, mwashi anayejenga kanisa. Viazi sikuvitaja. Amekilamba kimoja, akakigeuza juani. Jiwe la mto, akasema, limesuguliwa na maji miaka mingi. Ya namna hii huyaona Thika, kwenye mto Chania, chini ya daraja. Kisha akanionyesha udongo ulioganda kwenye vitobo. Yamefukiwa zamani, mvua ndiyo inayoyafukua.
Nikauliza yamefikaje kwangu. Akanitazama kwa mshangao.
“Mwalimu, kwani hukujua? Bwana yako alikuwa anaogopa mbwa ya ule mzungu wa kahawa. Alikuwa anabeba mawe ya kumtupia kwa mfuko ya koti kutoka Thika, akifika hapa kwa ua anamwaga, ndio usimcheke.”
Halafu akaomba radhi. Nguruwe wake alitoroka juzi jioni, huenda ameharibu maharagwe yangu.
Juzi jioni ndiyo jioni ya viazi. Basi hakuna aliyekuja.
Karanja alifanya kazi kiwandani Thika, akija nyumbani kila Jumamosi. Kila Jumapili nilishona mifuko ya koti lake, nikimsuta kwamba imetobolewa na funguo za mwanamke wake wa huko. Alicheka tu. Aliona heri nimwite mzinzi kuliko nimjue mwoga. Nina hasira naye. Nataka awe hapa nimwambie.

Jumapili, 8 Aprili
Mahubiri hayakuniingia. Baada ya chakula nimelitoa koti sandukuni. Walimchukua bila koti. Mfuko wa kulia umetoboka, kama kawaida. Nimeutia kiraka cha gunia, nikashona mara mbili. Nimetumbukiza vijiwe vyote tisa, nikalitikisa koti.
Mfuko umeshika. Pengo nimeliacha.